"Maombi yenu nitayapika katika sufuria gani?"

*"Mchungaji, mimi ni mama wa watoto watano, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mwezi uliopita nyumba za avenyu yetu ziliungua usiku. Mungu alitusaidia, moto uliishia nyumba tatu kabla ya kwetu. Jumamosi tulienda na wamama wa korali kuwafariji walioungua. Tuliimba, tukaomba, na mimi nikamwambia jirani mmoja, mjane: 'Mama, tuko pamoja, tunakuombea.' Akaniangalia, akasema polepole: 'Asante. Sasa hayo maombi yenu nitayapika katika sufuria gani?' Wenzangu walikasirika, wakasema ana kiburi. Mimi sikukasirika, lakini tangu siku hiyo siwezi kuomba vizuri. Mume wangu ni mwalimu, mshahara unakuja siku unayotaka wenyewe. Mchungaji wetu anafundisha kwamba matendo hayaokoi, tusitafute mbingu kwa kutoa. Mama yangu mzazi, yeye ni Mkatoliki, anasema imani yangu ni ya mdomo. Nani ana haki? Na walioungua ni wengi. Nisaidie nani, niache nani?"*

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale kwenye sufuria.

Nianze na jirani yako, maana wenzako wa korali wamemhukumu mapema. Unazijua nyumba za Kadutu kuliko mimi: mbao na mabati, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na kijia ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu ili mwenzake apite. Gari la zimamoto hata likija linabaki barabarani. Moto wa mahali kama hapo hauachi chombo. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Asubuhi moja, baada ya moto wa namna hiyo, nilimkuta mama ameshika bonge la kijivu ambalo mkono wa sufuria ulikuwa umetokeza upande mmoja. Alikuwa analigeuza huku na huku, kama bado anatafuta mdomo wake uko wapi. Kwa hiyo sidhani jirani yako alikuwa anawakejeli. Mlimletea kitu, naye akauliza swali la mtu wa jikoni: hiki nakiweka wapi?

Na si yeye wa kwanza kuuliza. Yakobo aliandika: "Ikiwa ndugu mwanamume au ndugu mwanamke yu uchi na kupungukiwa na riziki, na mtu wa kwenu akawaambia, Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba, lakini asiwape mahitaji ya mwili, yafaa nini?" Isome tena ukiwa umesimama kwenye majivu ya avenyu yenu. Mkaote moto! Nimefundisha mlango huo miaka mingi na sikuwahi kuusikia unavyochoma mpaka nilipoupeleka kwa watu walioungua. Tazama pia kwamba Yakobo hamlaumu mtu aliyetukana maskini. Anamlaumu mtu aliyebariki. Maneno yalikuwa mazuri, yenye amani ndani yake, na ndiyo yaliyomfungia yule mhitaji mlango.

Kuna swali ambalo hukuliandika, ila nalisikia chini ya mistari: je, imani yangu imekufa? Yakobo anasema imani bila matendo ni kama mwili usio na roho. Sawa. Lakini maiti haisikii maumivu, Mama. Wenzako walirudi nyumbani wakala, wakalala. Wewe mwezi mzima unasikia lile neno. Nisingeita hiyo imani iliyokufa. Ningeiita imani iliyokanyagwa mguu na sasa imegutuka.

Sasa, mchungaji wenu na mama yako. Nitasema kitu ambacho pengine hakitampendeza yeyote kati yao: kila mmoja ameshika upande mmoja wa shuka. Mchungaji ana Waefeso 2 mkononi: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Hiyo ni kweli, na ukiiacha utageuza unga wa mjane kuwa nauli yako ya kwenda mbinguni. Ila wahubiri wengi hufunga Biblia kwenye mstari wa 9. Wa 10 unaendelea kusema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Paulo hakuweka nukta pale tunapoiweka sisi.

Watu hudhani Paulo na Yakobo wanagombana kwa sababu wote wawili wanamtaja Ibrahimu. Angalia kila mmoja anamchukua wapi. Paulo, katika Warumi 4, anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 15, yule mzee asiye na mtoto anayeonyeshwa nyota na kuamini. Yakobo anamchukua wa Mwanzo 22, anayepanda mlima na mwanawe. Ni mtu yule yule, miaka mingi baadaye. Paulo anazungumza na mtu anayetaka kumlipa Mungu. Yakobo na mtu anayetaka kukwepa jirani kwa kumtaja Mungu. Dawa ya mmoja ukimpa mwenzake unamwongezea ugonjwa. Mchungaji wenu anatibu ugonjwa wa kwanza, na Kadutu siku ile mliugua wa pili. Wakatoliki na Walutheri wenyewe walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, baada ya karne karibu tano za kurushiana maneno. Mweleze mama yako, taratibu, siku atakapokuwa na hamu ya kusikia.

Lakini nadhani linalokusumbua zaidi si mafundisho. Ni hili: kwa nini watu wenye moyo mzuri, wanaompenda Mungu kweli, wanaenda kwa walioungua na mikono mitupu, wala hawaoni kwamba ni mitupu?

Nikusimulie aibu yangu. Nilipokuwa mchungaji kijana nilienda hospitali moja ya mji huu kumtembelea mama aliyejifungua kwa upasuaji. Alikuwa amezuiliwa pale kwa sababu ya bili, unajua mambo hayo. Nilikaa kando ya kitanda, nikaweka Biblia yangu juu ya kigoda, nikafumba macho nikaomba. Niliomba vizuri, ninavyokumbuka, nikataja malaika na milango ya chuma. Nilipofumbua macho, yule mama alikuwa amenyoosha mkono, jasho likimtoka, akitafuta kikombe cha maji. Kikombe kilikuwa juu ya kile kigoda, nyuma ya Biblia yangu. Nilikuwa nimekisukuma mbali naye nilipokuwa natafuta nafasi ya Neno la Mungu. Hakusema kitu. Alisubiri amina.

Sikuwa mtu mbaya siku hiyo, na ninyi hamkuwa wabaya Jumamosi ile. Kinachotokea ni kwamba neno zuri likishatoka mdomoni, moyo unalihesabu kama kazi iliyokwisha. Umesema "tuko pamoja", huruma yako imepata pa kutokea, uzito umepungua. Uzito wako, si wake. Ongeza kwamba mlikuwa kundi. Mmoja akienda peke yake anaona mikono yake. Wakienda ishirini kila mmoja anadhani jambo la sufuria lina mtu wake: rais wa korali, shemasi, wazungu wa misaada. Kundi likitoka, hakuna aliyekataa kusaidia na hakuna aliyesaidia.

Tena mlikuwa na haraka, sivyo? Nyumba kadhaa, nyimbo mbili kila moja, kisha mazoezi ya Jumapili. Haraka ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, watu waliokuwa wanasomea uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mfano wa Msamaria Mwema ndio wauzungumzie. Njiani waliwekewa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Kati ya waliokuwa na nafasi, 63 kwa mia walisimama wakatoa msaada wa namna fulani. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa, ni 10 kwa mia tu. Na kubeba mahubiri ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kuna waliomruka yule mtu wakiwahi kwenda kumhubiri Msamaria. Nikisoma habari ile naiona Biblia yangu juu ya kigoda.

Kwa hiyo usijilaumu kana kwamba moyo wako ni wa jiwe. Badilisha mwendo: nyumba chache, watu wachache, muda mrefu zaidi.

Hapa kuna kosa la upande wa pili, nawe uko karibu kuliangukia: kwamba maneno hayana kazi, basi tunyamaze, tutende tu. Kuna msemo unaozunguka sana, eti Fransisko wa Asizi alisema tuhubiri Injili siku zote, na ikibidi tutumie maneno. Haupatikani katika maandishi yake yoyote. Yeye mwenyewe alihubiri kwa maneno, barabarani na masokoni. Mjane yule anahitaji sufuria, na anahitaji pia mtu wa kumwambia kwamba Mungu hakumchomea nyumba kwa sababu ya dhambi zake, maana utashangaa ni wangapi wamekwisha kumnong'oneza hilo. Sufuria haiwezi kusema hayo.

Na maombi? Daktari Denis Mukwege, wa hapa hapa Bukavu, amesimulia mara nyingi habari ya utoto wake. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Siku moja walienda pamoja kwa mtoto mgonjwa, baba akaomba. Mtoto Denis akamuuliza kwa nini hakutoa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua: basi dawa nitatoa mimi. Mwaka 1999 ikaanza hospitali ya Panzi, mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanaharakati wa Iraki. Watu husimulia kisa hicho kana kwamba mtoto alimshinda baba. Mimi sikisomi hivyo. Baba alijua mpaka wake na akaukiri, na asingemchukua mtoto kwenda kuomba, mtoto asingemwona mgonjwa. Maombi yale yalimfikisha kijana kando ya kitanda. Yenu pia yamekufikisha kwenye sufuria. Ubaya ungekuwa kuishia hapo.

Sasa swali lako gumu, nani umsaidie na nani umwache. Nitakujibu bila kuzunguka: msaidie huyo mmoja. Wengine waache, kwa maana ya kwamba si wewe utakayewabeba.

Najua linasikika vibaya. Lakini rudi kwa yule Msamaria wa Luka 10, usome kama mtu anayehesabu pesa. Alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalala naye usiku mmoja. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari yake. Hakuuza punda. Hakuhamia Yeriko. Aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi, na kwa mtu mwingine akagawa kazi. Upendo wake ulikuwa na mwisho unaoonekana, na Yesu hakumsuta kwa hilo. Paulo naye, akiwachangisha Wakorintho, alisema wazi hataki wengine wapate nafuu huku wao wakidhikika. Watoto wako watano ni jirani zako wa kwanza. Pesa ya minervali, ada ya shule ya watoto, usiiguse, na usitoe kitu ambacho mume wako atakigundua baadaye. Zungumza naye kwanza. Sadaka inayoleta vita ndani ya nyumba huwa anailipa mtoto mdogo.

Wagalatia 6 ina mistari miwili inayoonekana kupingana: mchukuliane mizigo, halafu kidogo mbele, kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili imefanya vizuri kutumia maneno mawili, kwa sababu Kigiriki nacho kina mawili. Mzigo ni kile kinachomwangusha mtu. Furushi ni lile la kila siku, la mabegani mwake. Nyumba kuungua ni mzigo. Namna mjane atakavyolea watoto wake, atakavyouza ndizi zake, hilo ni furushi lake; usilinyang'anye ukadhani unampenda.

Nenda peke yako, au na mmoja tu. Usiende Jumapili, wala usivae sare ya korali. Kaa chini. Usianze na wimbo. Mwambie: "Mama, ulichosema siku ile kilikuwa kweli, nimekuja kuuliza unakosa nini." Yesu mwenyewe alimuuliza Bartimayo kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" na nadhani upofu ulikuwa unaonekana. Huenda sufuria ameshapata na shida sasa ni nyingine. Mara nyingi kinachouma baada ya wiki nne si chakula. Ni karatasi: kadi ya mpiga kura iliyokuwa kitambulisho chake imeungua, vyeti vya watoto vimeungua. Kwenda naye ofisi ya komini kutafuta atestesheni, hati ya kupoteza vitambulisho, kukaa naye kwenye benchi asubuhi nzima ili asizungushwe peke yake, kunaweza kumfaa kuliko kilo tano za unga. Nawe hilo unaliweza hata mwezi ambao mshahara haukuja.

Kama utatoa kitu, kuna njia mbili tatu na kila moja ina kasoro yake. Vitu vinafaa mwanzoni, lakini walioungua hupewa nguo na nguo na nguo mpaka wanazilalia, na hakuna aliyeleta mbabula ya makaa wala bidoni ya maji. Pesa kidogo mkononi inampa heshima ya kuchagua mwenyewe, ila wengine wataona aibu kuipokea kwa mtu wanayekutana naye bombani kila siku. Mimi napenda ya tatu, likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu. Kama wamama wa korali mnacheza, ombeni zamu ya mwezi huu apewe yeye, naye aingie kama mwanachama atakayechangia akishasimama. Hapo si ombaomba, ni mwenzenu. Ubaya wake ni kwamba akishindwa kuchangia baadaye, deni hilo litaharibu ujirani, kwa hiyo kubalianeni tangu sasa kwamba mkosi wake hautageuzwa kesi. Na msipige picha. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona mama ameshika kipande cha sabuni, watu kumi wamemzunguka wanatabasamu, na picha ikazunguka mji mzima. Sabuni iliisha kwa wiki moja.

Likishazidi uwezo wenu, lifikisheni kanisani kama Wayahudi wa Kiyunani wa Matendo 6 walivyofikisha manung'uniko juu ya wajane wao. Mitume hawakuwaambia wana kiburi. Waliliambia kanisa lichague watu saba, wenye majina, wakawapa kazi ya meza. Mwulize mchungaji wenu kwa upole: kwetu hao saba ni akina nani?

Mume wako nisimsahau. Upendo wa vitendo si kutoa tu, na mwalimu asiyelipwa ana pa kuuonyesha kila asubuhi. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa anakagua bidhaa mpakani. Alikuwa na marafiki kati ya watoto wa mitaani, akiwafundisha, lakini kilichomuua ni kalamu: alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza. Julai 2007 walimteka, wakamuua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Watu wasiojua jina lake hawakuugua tumbo kwa sababu yeye hakutia sahihi. Mwalimu asiyeuza pointi za mitihani yuko kwenye njia hiyo hiyo, ingawa namwombea mwisho mwingine.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Ukimkuta jirani yako hali chakula, halali usingizi, anasema bora angeungua naye, usimwachie mkesha wa maombi peke yake. Mpeleke kituo cha afya, umtafutie mtu wa kulala naye. Na ukisikia kwamba yeye au binti yake amebakwa huko wanakolala sasa bila mlango, hospitali kwanza, siku hiyo hiyo, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72. Maombi fanyeni njiani. Wewe nawe, kama baada ya kwenda kwake bado unaamka usiku ukiamini Mungu amekukataa, usikae nalo. Tafuta mchungaji au padri unayemwamini, uso kwa uso, na kama ni moto unaouota kila usiku, mweleze muuguzi pia. Uliona nyumba zinaungua hatua chache kutoka kwa watoto wako. Mwili wako haujasahau.

Halafu kama ni sufuria kweli, muulize wanakula wangapi kabla ya kupanda sokoni Kadutu, na umwombe muuzaji akuwekee na kifuniko. Huwa wanakihesabu kando.